Gunia la Salfa

Yasmini alimwona Faridi kabla Faridi hajamwona yeye, na kwa kitambo kile kifupi hapakuwa na mwanamke mwenye furaha kumzidi katika Newala nzima. Faridi alikuwa amesimama nje ya banda la kubangulia korosho, begi begani, amekonda mpaka shati limemlegea, anachungulia ndani kama mtu asiye na hakika kama amefika penyewe.

Amekuja, Yasmini alijiambia. Ujumbe wangu umemfikia, na amekuja.

"Jamani, yule si nchumba wa betri?" Shakila alisema kutoka kwenye mashine ya jirani.

"Ndiye," akajibu mama mmoja. "Mtazameni alivyokwisha. Chaji imekata kabisa."

Banda zima likaangua kicheko. Yasmini hakucheka, lakini hakukasirika pia. Walikuwa na haki ya kumtania. Mara mbili wanawake wale walinunua kanga za sare kwa ajili ya harusi yake, na mara mbili harusi ikaahirishwa. Sasa kanga zile walikuwa wanazivaa kazini, zimeingia madoa meusi ya mafuta ya maganda, na hakuna aliyeuliza tena harusi ni lini.

Aliinuka, akachota majivu kwenye kopo, akasugua viganja. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, na mbanguaji hata ajipake nini, vidole vyake vitajulikana tu. Alijifuta kwenye kanga, akatoka nje akijaribu kutembea polepole. Miguu haikumsikiliza.

Walisogea nyuma ya banda, kwenye tangi la maji ya mvua, mahali ambapo macho ya wenzake yasingewafuata ingawa masikio yangejitahidi.

"Hujambo, Yasmini."

"Sijambo. Umekuja na basi la asubuhi?"

"Nililala Masasi, kwa mama. Alfajiri nikapanda."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Muongo wewe," Yasmini alisema kwa upole.

Faridi akainamisha kichwa. Wote wawili walijua kwamba Mama Faridi, pale Mkomaindo, mjini Masasi, alipokuwa akiishi, hajawahi kumtumia Yasmini salamu hata siku moja. Alichowahi kumtumia ni neno, lililopita midomo mingi hadi likafika: kwamba hakumsomesha mwanawe mpaka ngazi ya udaktari wa vitabu ili aje apakuliwe chakula na vidole vilivyoungua.

Faridi aliushika mkono wake, akaugeuza kiganja juu. Ngozi ya kidole gumba ilikuwa imebambuka.

"Umeungua tena."

"Ndiyo kazi."

Hakuuondoa mkono. Alimtazama macho yale aliyokuwa akiyaota, mekundu kwa kukosa usingizi, na akahisi uchovu wote wa kungoja ukimtoka mwilini. Kwa nini alikuwa na hofu? Mtu anayekupenda akisikia unachukuliwa, anakuja. Huyu hapa amekuja.

"Wa Tandahimba walioniposa wanakuja kesho kuchukua jibu," alisema. "Mjomba hajawaambia ndiyo wala hapana. Yupo nyumbani sasa hivi. Ukienda ukaongea naye leo, Faridi, yote yatakwisha. Mimi namjua mjomba wangu."

"Nitaongea naye. Nimekuja kwa ajili hiyo." Akasita. "Lakini kwanza nikuulize jambo moja. Usikasirike."

"Uliza."

"Yale maganda uliyonipa mara ya kwanza kabisa. Ulinifungia kwenye nini?"

Yasmini alidhani hakusikia vizuri.

"Kwenye nini vipi?"

"Ulitumia gunia gani? Lilikuwa jipya, au la zamani? Lilikuwa na kitu gani kabla?"

"Faridi. Kesho watu wanakuja kunichukua, wewe unaniuliza gunia?"

"Nisikilize kwanza, tafadhali. Ningekuwa sijali nisingeuliza."

Basi akamsikiliza, maana huo ndio ulikuwa ugonjwa wake tangu mwanzo. Mapenzi yao yalianzia kwenye maganda. Miaka ile Faridi alikuja pale bandani na miwani yake na maneno yake ya chuoni, akaomba apewe maganda ya korosho, kitu ambacho kila mtu alikichomea moto au kukitupa. Wanawake walimcheka mpaka machozi. Yasmini peke yake ndiye aliyemuuliza anayataka ya nini, na Faridi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweleza. Betri ya simu, na ya pikipiki za umeme, ina pande mbili, na ndani yake madini ya lithiamu yanasafiri kutoka upande huu kwenda ule. Ukichaji, yanaingia upande wa kaboni na kupumzika humo. Ukitumia, yanatoka. Basi upande ule wa kaboni ndio nyumba yao, na nyumba ikiwa mbovu inabomoka, na betri inakufa. Yeye alitaka kuijenga nyumba hiyo kwa ganda la korosho, alichome kwenye tanuri lisilo na hewa hadi libaki kaboni yenye vyumba vidogo vidogo, vya nano, ambavyo jicho haliwezi kuviona hata liazime miwani ya nani.

Yasmini alimchagulia maganda makavu, moja moja, akamjazia gunia, akalifunga kwa kamba na kulipeleka mwenyewe stendi. Betri iliyotokana na gunia lile ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti, lakini ilichajiwa na kumalizwa, ikachajiwa na kumalizwa, na haikuchoka. Walimu wa Faridi walishangaa. Alialikwa kwenye mikutano, akapewa ufadhili wa uzamivu. Aliiita "betri yetu", na Yasmini alilibeba neno hilo "yetu" kama mahari.

"Na baada ya ile," Faridi alikuwa akisema, "hakuna betri hata moja iliyoifikia. Nimechukua maganda ya Masasi, ya Tandahimba, nimechukua hata ya hapa hapa kwa mjomba wako, nikanunua magunia mapya masafi. Tanuri lile lile, joto lile lile. Betri zinakufa, Yasmini. Miaka miwili natengeneza maiti. Juzi nikawaza, labda si ganda. Labda ni kile lilichosafiria."

Alikuwa ameushika mkono wake kwa nguvu mno, na hakujua.

Yasmini alilikumbuka gunia lile mara moja. Wala hakuhitaji kufikiri. Na pamoja na kukumbuka, moyo ulimwambia anyamaze. Hakujua kwa nini. Alihisi tu kwamba neno lile likimtoka halitarudi. Lakini alikuwa mbele ya mtu anayempenda, mtu huyo anateseka, na dawa anayo yeye.

"Lilikuwa la salfa," alisema.

"La nini?"

"Salfa. Dawa ya mikorosho. Mjomba alikuwa amemaliza kupulizia, magunia matupu yako stoo. Nikachagua lile kwa sababu lina nailoni ndani. Sikutaka mafuta ya maganda yavuje kwenye basi, uchafue mizigo ya watu wakugombeze."

"Hukulifua?"

"Nilikung'uta."

"Lakini hukulifua."

"Kwa maji gani, Faridi? Mwaka ule tulikuwa tunanunua ndoo kwa ndoo. Nifue gunia, halafu mjomba anywe nini?"

Mtoto wa mjini Masasi, baba yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hakuwahi kuwaza kwamba huku juu kusikokuwa na maji mtu anakung'uta gunia na kuliita safi. Yasmini naye hakuwahi kuwaza kwamba unga wa njano uliobaki kwenye pembe za gunia unaweza kumpandisha mtu au kumshusha.

Ndipo uso wa Faridi ulipofunguka. Ulifunguka wote, macho, mdomo, hata yale makunyanzi ya paji la uso yakalainika, akawa yule kijana wa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akamshika mabega yote mawili.

"Ni salfa! Imeingia kwenye kaboni humo humo ndani ya tanuri. Imezitanua zile kuta, lithiamu ikapata nafasi ya kupita. Kipimo kilionyesha salfa kidogo, nikasema ni ya mti wenyewe, maana mikorosho yote inapuliziwa. Kumbe inapuliziwa maua, kwenye ganda haifiki. Yasmini, unajua umenipa nini?"

Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. Yasmini alimtazama, na furaha yake ya asubuhi ikamzimikia pale pale. Uso ule aliungoja miaka miwili. Kila usiku aliutamani. Leo ameuona, na haukuwa umemjia yeye.

"Nimefurahi," alisema. "Kwa hiyo sasa umemaliza."

Faridi akaacha kucheka. Polepole mikono yake ikashuka kutoka mabegani mwake.

"Sasa lazima nikawaambie walimu wangu nilikosea. Nimeandika kila mahali kwamba ni ganda tupu. Inabidi nianze upya, nipime salfa kidogo, nipime nyingi, kila betri nizungushe chaji mpaka mwisho wake."

"Muda gani?"

Faridi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Muda gani, Faridi?"

"Mwaka. Labda na nusu."

Shakila alichungulia kwenye kona ya banda, akaona sura zao, akarudi ndani bila neno la utani.

"Nikuulize na mimi," Yasmini alisema. "Kilichokupandisha basi ni ujumbe wangu, au gunia?"

"Vyote viwili."

"Kipo kilichotangulia."

"Nilipousoma ujumbe wako nililia. Wallahi nililia, mbele za watu. Nikasema nikilipata jibu la gunia, nitakwenda kwa mjomba wake nikiwa mtu."

"Mjomba hajawahi kusema wewe si mtu."

"Najua."

"Basi twende ukamwambie hivyo hivyo ulivyo."

Mjomba Ashiru walimkuta barazani kwake, ameifungua mashine ya kupulizia dawa, vipande vyake amevitandaza juu ya mkeka. Tangu dada yake afariki na shemeji kuvuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji bila kurudi, yeye ndiye aliyemlea Yasmini. Lakini hata kama wazazi wote wangekuwepo, neno la kuozwa lingekuwa lake. Kwao mtoto wa dada ni wa mjomba.

Yasmini alipita ndani kama inavyompasa, akasimama nyuma ya pazia la mlango. Hakujifanya anafanya kazi yoyote.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa hapo, angalia usikalie hizo skrubu." Mzee alijifuta mikono kwa tambara. "Sikuiti nkwe, hujawa. Sikuiti ngeni, nimekuzoea. Haya, sema."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nimekupa mara mbili. Sema jingine."

Faridi alikaa pembeni mwa skrubu. Akaeleza habari ya gunia, kwa heshima na kwa kirefu, na Mjomba Ashiru akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipomaliza, mzee aliigeuza skrubu moja kiganjani.

"Mambo yako ya betri nayaheshimu," alisema. "Sina dharau nayo. Ila nikuulize, mimi nilikudai betri?"

"Hapana."

"Nilikudai nyumba? Mahari niliitaja?"

"Hujaitaja, mjomba."

"Sasa nisikilize. Huyu bwana Sultani wa Tandahimba ni ntu mwema. Nke wake alifariki, ana watoto wakubwa, ana mikorosho yake, hanywi. Lakini ni ntu mzima, na ntoto wangu hampendi. Unadhani mimi sioni? Naona. Shehe yuko nyumba ya tatu hapo. Mashahidi nitawaita kwa kupiga mluzi tu. Mwoe leo. Alasiri hii hii. Ukimaliza, kama unataka kurudi kwenye tanuri lako, rudi. Umwache hapa kwangu, nitamlisha kama nilivyomlisha. Nitapiga simu Tandahimba niseme nimevunja neno, watanitukana, nitakubali kutukanwa. Mimi nataka ntoto awe na mume, basi."

Nyuma ya pazia Yasmini alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Hakutegemea hili. Mjomba wake, mtu anayejali neno lake kuliko kula, alikuwa tayari kulitupa barazani kwa ajili yake. Machozi yalimjaa, akayaacha yashuke. Sema ndiyo, alimwomba Faridi kimoyomoyo. Sitaki harusi, sitaki sare wala ngoma. Sema ndiyo tu.

Kuku alipita akidonoa kwenye mkeka na hakuna aliyemfukuza.

"Mjomba," Faridi alisema hatimaye. "Mama yangu..."

"Mama yako habari zake ninazo. Nakuuliza wewe."

"Ana presha. Jana kaniambia nikioa kabla sijamaliza, nijue nimemzika. Sina ujasiri wa kurudi Masasi na habari hiyo. Naomba mwaka mmoja. Nilivyokuwa naomba zamani nilikuwa naomba gizani, sikujua tatizo liko wapi. Sasa nina hakika."

"Hakika ya nini?"

"Ya betri."

Alipolisema neno hilo alilisikia mwenyewe. Yasmini aliona, kupitia upenyo wa pazia, jinsi alivyofumba macho na kutaka kulirudisha. Lakini lilikwisha kutoka, na mjomba wake alikuwa ameiweka skrubu chini.

Yasmini akafungua pazia, akatoka barazani. Si desturi, lakini hakuna aliyemkemea.

"Mjomba," alisema, "waambie wa Tandahimba waje."

"Yasmini." Faridi alikuwa amesimama.

"Ungenioa leo, ningekaa hapa miaka kumi nikiwa mke wako. Ungekuja mara moja kwa mwaka na ningekupokea. Unanijua. Lakini kukaa mwaka mwingine nikiwa mchumba wako siwezi tena. Nimechoka mwili, nimechoka roho."

"Nakupenda."

"Najua."

"Kila kitu nilichofanya nilifanya ili nije kwako nikiwa nimekamilika."

"Mimi sikukuambia ukamilike."

Faridi alilia. Alilia kwa sauti, mwanamume mzima, mbele ya mzee na kuku wake, na Mjomba Ashiru akageuza uso akatazama barabarani kumsitiri. Yasmini alitamani kwenda kumfuta machozi kwa kanga yake. Ilikuwa hatua mbili tu. Akajizuia, na kujizuia kule kuliuma kuliko mafuta ya ganda lolote lililowahi kumgusa.

Faridi alipotulia, hakujua aende au abaki. Akaokota begi. Akaliweka tena. Macho yake, bila yeye kutaka, yalikimbilia kwenye mlango wa stoo. Yasmini aliyaona.

"Magunia matupu yako nyuma ya jembe," alimwambia. "Maganda utamkuta Shakila atakujazia. Mwambie nimesema mimi."

Faridi alisimama pale muda mrefu. Yasmini aliomba akatae. Ingetosha hata angelitukana lile gunia, angelipiga teke, angesema sitaki maganda, nakutaka wewe. Mjomba angemwita shehe hata sasa. Faridi aliliokota tena begi lake. Kisha akaenda stoo, kichwa chini, akatoka na gunia moja lililokunjwa, la njano pembeni, akapita mbele yao bila kuwatazama. Kwaheri yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mzee hakuiitikia kwa kutoisikia.

Yasmini alimfuata kwa macho mpaka alipokata kona ya bandani.

"Una hakika, mwanangu?" Mjomba Ashiru aliuliza. "Bado sijapiga simu. Ntu akishasema ndiyo, ni ndiyo."

"Piga, mjomba."

Mzee alitafuta miwani, akatafuta jina, akapiga. Yasmini alikaa ukingoni mwa mkeka, akaanza kukusanya skrubu na kuzirudisha kwenye kopo lake. Alimsikia mjomba akisalimiana kwa kirefu, habari za nyumbani, habari za mvua, habari za miguu ya fulani inayouma. Alimsikia akisema, "Mje, mje, sisi tupo radhi." Upande wa pili watu walicheka kwa furaha na mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kisha mjomba akamgeukia, akamnyooshea simu.

"Mwenyewe anaomba akusalimie."

Yasmini alifuta mikono. Aliipokea simu ile, ikiwa ya moto kutokana na sikio la mjomba, akaiweka sikioni. Upande wa pili mtu alikuwa anahema, kwa adabu, anangoja aanze yeye. Alitafuta neno ambalo mwanamke anamwambia mwanamume atakayemwoa. Aliyajua maneno hayo mengi, na yote alikwisha kuyasema kwa mwingine.

"Shikamoo," alisema.

Upande wa pili mtu akakohoa.

"Marahaba," akajibu Bwana Sultani, kwa sauti nzito na ya upole, na baada ya hapo hakuna hata mmoja wao aliyejua aseme nini.